Minyororo Niliyoing'oa Kwenye Mashine za Salfa

Nyie mnaouza mashine siku hizi mna raha sana. Boksi linashuka kwenye basi, mnalipiga picha, picha mnaitupa kwenye simu, na kabla jua halijageuka mteja keshafika kulichukua. Halijafunguliwa hata utepe. Halafu mnajisifu: "Mpya kabisa mzee, haijaguswa!" Sasa mimi nauliza, haijaguswa na nani? Mashine ambayo muuzaji hajaigusa nisingemuuzia hata shemeji yangu, na mnajua tulivyo mimi na shemeji yangu.

Naitwa Bakari. Duka langu lilikuwa Nachingwea, karibu na soko, na nimeuza mashine za kupulizia mikorosho miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilihudhuria zaidi siku za uji. Lakini wenye vyeti ukutani walikuja kwangu kuniuliza kwa nini mashine zao zinakohoa. Sisemi hivi kwa majivuno. Haya, kwa majivuno kidogo.

Kwa wale mliozaliwa mjini: mashine hii unaibeba mgongoni kama mtoto. Ina injini ndogo ya petroli, tangi la dawa, na bomba nene unaloelekeza juu kwenye mkorosho. Alfajiri, majani yakiwa bado na umande, unapuliza salfa, ule unga wa njano, ushike kwenye maua. Usipopuliza, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, unakula maua, na ua likishaliwa huna korosho. Kwa hiyo mashine ikigoma msimu wa maua mkulima anapoteza mwaka mzima. Shikeni hilo, ndilo lililotaka kuniangusha.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Damiani, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji na sanduku la spana na shati moja. Mtu mkali, hacheki mpaka aone mtu ameumia. Siku ya kwanza alinionyesha mashine mpya akaniuliza, "Nzima au mbovu?" Nikaivuta kamba, ikanguruma. Nikasema nzima. Akanitwisha, ikiwa imejaa, akaniambia nizunguke nayo shamba la ekari mbili huku yeye anakula mihogo. Niliporudi mabega yalikuwa yamechubuka na bomba lilikuwa halifiki hata katikati ya mikorosho, maana mikorosho yetu ni ya mababu, mirefu kama minara.

"Sasa?" akauliza. "Nzima au mbovu?"

"Nzima, fundi, ila siyo ya hapa."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatabasamu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeumia. Akaniambia, "Bakari, aliyeiunda hii hajawahi kuuona mkorosho wa Mbekenyera. Yeye amepima kama mashine ni mashine. Wewe utapima kama mashine ni ya hapa. Usimwachie kazi yako, na usimfanyie kazi yake."

Hayo maneno nimeyalia ugali maisha yangu yote. Kiwanda kinajua kama nati zimekazwa, kama tangi halivuji, kama injini inawaka. Hakijui kwamba petroli yetu inauzwa kwenye chupa za maji kandokando ya njia, ina mchanga, na siku nyingine ina maji. Kwa hiyo mashine ikifika dukani kwangu nilikuwa naitengeneza upya. Mikanda ya mabegani naitoa, nashona mipana yenye sponji la godoro. Mdomo wa tangi la petroli naufunga kitambaa cha soksi kama chujio. Bomba naliongeza kipande. Na kile kigaloni cha kuchanganyia petroli na oili nakipiga mistari miwili myekundu: oili mpaka mstari wa chini, petroli mpaka mstari wa juu, kwisha. Mkulima hana haja ya kusoma namba, na hata mimi nilikuwa sizipendi.

Mistari hiyo niliipiga kwa rangi ya kucha, kwa sababu petroli haiifuti haraka kama rangi ya mlango. Ushauri huo chukueni, ila mueleze mkeo mapema. Mke wangu Mwanahawa aliikuta ile chupa kwenye mfuko wa koti langu.

"Ya nani hii?"

"Ya mashine."

"Mashine gani inapaka kucha, Bakari?"

Siku tatu nilikula ugali na chumvi. Siku ya nne alikuja dukani kimyakimya, akaona vigaloni vimepangwa mstari, vyote vimepakwa. Akasema, "Hata kupaka hujui," akachukua brashi akanionyesha. Tangu siku hiyo mistari ilinyooka.

Basi nikawa na jina. Kiwanda kikasikia, kikanifanya wakala wa Nachingwea na Ruangwa. Mkataba ukaja, kurasa kibao. Nikasomewa. Ulisema kiwanda kinapima nini, mimi napima nini, na ukasema wazi kwamba chochote nitakachobadilisha kwenye mashine, nikipime mimi upya kabla ya kuuza. Nilisikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa muuza kahawa aliyekuwa anapita. Nikatia saini kubwa, yenye mkia.

Msimu mmoja zikaja mashine za aina mpya. Nikafungua boksi la kwanza. Injini nzuri, tangi zuri, ila kwenye bomba kumening'inia mnyororo mwembamba, unang'aa, mrefu wa kufika chini. Nikaugeuza huku na huku. Haushiki kitu, hauvuti kitu, unaburuza tu. Nikawaza: hawa kiwandani wanaogopa wezi, wamezifunga mashine kama mbuzi, halafu wamesahau kuzifungua. Na shambani ule mnyororo utakamata magugu kila hatua. Nikachukua koleo, nikang'oa. Boksi la pili, nikang'oa. Nikang'oa yote.

Lakini mimi si mtu wa kutupa chuma kizuri. Nikakata kila mnyororo saizi ya kiganja, nikatia pete, ikawa vishikio vya funguo. Kila aliyenunua mashine nikampa kimoja. "Zawadi ya duka," nasema, mkono kifuani. Watu wakafurahi. Wengine, naapa, walifurahia kishikio kuliko mashine.

Kupima nilipima. Nilitia maji kwenye tangi, nikapuliza ukuta wa nyuma wa duka, maji yakafika juu. Salfa sikutia. Salfa inawasha macho na inachafua kanzu, na siku ile ilikuwa Ijumaa.

Zikapita kama wiki mbili. Siku ya gulio, watu wamejaa, bodaboda ikasimama mbele ya kibaraza changu. Akashuka Bi Somoe wa Mbekenyera, mashine kaipakata. Bi Somoe ni mwanamke mwenye mikorosho yake mwenyewe aliyoipanda mwenyewe, na mdomo wake mwenyewe. Tulitaniana tangu ujana.

"Karibu mtani, habari za—"

"Salamu baadaye. Jini lako nimelirudisha."

Watu wakageuka. Nikacheka. "Jini gani tena?"

"Hili linalong'ata. Nikipuliza kidogo, nikigusa tawi, linaniuma kidole. Nikigusa mti, linaniuma kiwiko. Mdogo wangu kaibeba pekupeku, halikumgusa. Mimi nimevaa gambuti zangu, linanitafuna. Jini gani hili linalochagua viatu?"

"Labda linapenda viatu vizuri, mtani. Lina macho."

Kibaraza kizima kikacheka. Nikachukua mashine, nikatia maji, nikawasha, nikapuliza hewani, nikajishika pua, nikashika nguzo, nikashika mkono wa muuza vitumbua. Hakuna kitu. Nikamgeukia kama wakili. "Mnaona wenyewe? Jini limeogopa Nachingwea."

Bi Somoe hakucheka. "Mimi shambani sipulizi maji ya kunywa. Tia salfa."

"Hapa sokoni? Watu wanauza vitumbua!"

"Basi mashine nakuachia. Sipulizi mpaka iponywe. Na maua yangu yameanza kufunguka, mtani. Ukichelewa, mwaka huu nitakuja kula kwako."

Akapanda bodaboda akaenda. Kijana mmoja alikuwa kanirekodi nikishikana mkono na muuza vitumbua, akairusha wasapu. Kufika jioni dunia nzima ilikuwa imeniona. Kesho yake akaja mtu wa Likunja: inang'ata. Kesho kutwa wa Chunyu: inang'ata, na babu yake kasema iogeshwe kwa dawa. Hapo nikaacha kucheka. Maua hayangojei.

Nikapiga simu kiwandani, tena kwa ukali, maana mwenye kosa akipiga simu kwa upole anashukiwa. "Mashine zenu zinang'ata watu!" Mkubwa wao akanijibu taratibu: "Mzee, tunamtuma injinia. Kosa likiwa letu, tunazibadilisha zote. Likiwa lako, uwakala tunampa mwingine." Akakata.

Siwafichi, usingizi ulipungua. Duka bila uwakala ni banda la kuuzia nati.

Injinia aliyekuja ni binti, anaitwa Neema, kibegi mgongoni, sauti ndogo. Nikajisemea huyu nitammaliza kwa shikamoo mbili. Tulikutana Mbekenyera asubuhi, shambani kwa Bi Somoe, umande bado haujakauka. Niliirudisha ile mashine mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mashine zenu hizi, mh!"

Akaikagua. Akabonyeza mikanda ya sponji, akapenda. Akaona mistari ya kigaloni, akauliza nani kaipiga, akaipiga picha. Nikaanza kujaa kifua. Halafu akasema, "Tia salfa, mzee, ubebe wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeipima, si ndiyo?"

Bi Somoe akakohoa kile kikohozi cha watu wasio na kikohozi. Nikavaa gambuti kwa sababu ya umande, nikabeba, nikawasha. Salfa ikatoka, ikapanda juu vizuri kabisa. Hatua ishirini, thelathini, hakuna jini. Nikanyoosha mkono kusogeza tawi, niseme "mnaona", na ndipo nilipoumwa. Jamani. Ni kama siafu mwenye ugomvi na wewe binafsi. Niliruka, bomba likageuka, salfa yote ikanishukia. Nilikuwa wa njano kama kifaranga, namwita mama yangu, ambaye ni marehemu.

Bi Somoe alikaa chini kabisa, akashika mbavu. "Mtani! Limeona viatu!"

Neema akazima mashine. Hakucheka hata kidogo. Akapapasa lile bomba mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza, "Mzee, mnyororo uko wapi?"

"Mnyororo gani?"

"Unga ukipita kwa kasi kwenye bomba unasuguana nalo, unazaa umeme. Mnyororo unaburuza chini ili umeme uingie ardhini. Bila mnyororo, na wewe umevaa gambuti la mpira, umeme hauna pa kwenda. Unabaki kwako, unangoja uguse kitu." Kisha akashusha sauti, akasema jambo ambalo bado nalisikia. "Na salfa inashika moto, mzee. Cheche moja ikiangukia pabaya, tungekuwa tunaongea mengine. Mshukuru Mungu imewauma tu."

Hapo ndipo kicheko cha Bi Somoe kilipokatika. Na mimi, vijana wangu, nifanye nini? Uwakala wangu ulikuwa pale, umening'inia kwenye neno moja. Nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeshazeeka na hakuna wa kunifukuza: nilitaka kudanganya. Nilifungua mdomo kabisa. "Mwanangu, haya maboksi yenu bwana, mengine yanafika hayana..."

Nikasikia chwe-chwe-chwe.

Bi Somoe alikuwa kafungua pindo la kanga yake. Kanyanyua fungu la funguo, mnyororo unang'aa jua la asubuhi. "Mtani, usijisumbue. Si huu?" Akamgeukia Neema. "Alinipa mwenyewe. Zawadi ya duka. Kashika na kifua."

Mdomo wangu niliufunga. Ulikuwa na salfa pia.

Neema akatoa kijitabu kwenye kibegi, kilekile kinachokuja ndani ya boksi. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya mtu kabeba mashine, na karibu yake alama ya radi. "Hii hukuiona?"

"Niliiona."

"Ukaielewaje?"

"Usipulize wakati wa radi." Na nilikuwa nawaonya wateja hivyo, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtaalamu.

Akakaa juu ya kisiki, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo: "Mzee, sisi tuliipima ikiwa na mnyororo. Wewe ukautoa, halafu ukaipima kwa maji. Mashine waliyouziwa hawa watu haijapimwa na mtu yeyote."

Fundi Damiani angekuwa hai angenichapa na spana. Kwa kufanya kazi yangu mimi, ningelaumiwa na nani? Sponji nilishona, soksi nilifunga, na vyote nilivipima kwa mabega yangu. Kosa langu lilikuwa kuingiza koleo kwenye kazi ya mwenzangu, kisha nikaondoka kama mtu aliyekanyaga mboga za jirani. Ukigusa kitu, umekirithi, na kukipima umekirithi pia. Usipokipima wewe, mteja ndiye atakayekupimia, kwa kidole chake.

"Kwa hiyo uwakala ndiyo basi?" nikamuuliza.

"Niko Ruangwa siku nne. Minyororo ikirudi kwenye mashine zote, nitaandika nilichokiona. Isiporudi, nitaandika pia."

Siku hiyohiyo nilipuliza mikorosho ya Bi Somoe, mimi mwenyewe. Kipande cha mnyororo wake nilikiunga kwa kamba ya chuma mpaka kikafika chini. Ya pembeni ilikuwa imeshaanza kuliwa, sisemi uongo, ila shamba la kati tuliliwahi. Nilirudi asubuhi mbili nyingine mpaka yote ikaisha. Yeye kakaa mlangoni, ananielekeza kwa kijiti. "Hapo juu, mtani. Juu zaidi. Jini likuone."

Halafu nikaanza kuzunguka. Mnadhani kumnyang'anya mtu zawadi ni kazi rahisi? Kule Likunja mtu mmoja alikuwa kautundikia msalaba wa komunyo ya binti yake. Ilibidi nimbembeleze binti. Chunyu nilikuta unafunga mlango wa choo, na mwenye choo yumo ndani. Mwingine akaniambia, "Mzee, chukua mashine, kishikio niachie." Kinyozi mmoja kafungia kioo, akakataa mpaka ninyolewe kwanza. Nikanyolewa. Siku ya nne, yote ilikuwa imerudi, imeungwa kwa kamba ya chuma kama wa Bi Somoe, isipokuwa mmoja tu, na huo nilijua uliko: kwenye funguo za kabati la sukari la Mwanahawa.

Akaniangalia juu mpaka chini, nikiwa na kipara kipya na nyusi za njano. "Kwanza rangi ya kucha. Sasa mnyororo. Hiyo mashine uioe tu, Bakari, nijue moja."

Lakini alinipa.

Neema aliandika. Sijui aliandika nini, nilisomewa kipande tu: niendelee kuwa wakala, ila kila mashine nitakayoibadilisha niipime shambani, kwa salfa, nimevaa gambuti, mbele ya shahidi. Bi Somoe akajiteua kuwa shahidi kabla hajaombwa. Msimu uliofuata mashine zilikuja na mambo mawili mapya. Vigaloni vilikuwa na mistari miwili myekundu iliyopigwa hukohuko kiwandani; wao wameipa jina refu, mimi naiita kucha za Mwanahawa. Na mnyororo ulikuwa umegongewa ribiti, hautoki kwa koleo wala kwa dua. Neema alinipigia simu kunieleza kwamba ile ribiti imewekwa kwa heshima yangu.

Sasa nimepumzika, duka kalishika mwingine. Nyie mtabadilisha mashine za kisasa zaidi, zenye betri, zenye kuongea na simu. Badilisheni, msiogope, kiwanda hakiujui mkorosho wetu mpaka leo. Ila ukikuta kitu usichokijua kazi yake, usikitoe. Uliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najulikana kuwa najua, na huo ni ugonjwa ambao hauna salfa yake.

Bi Somoe mwaka ule alivuna. Sijamlisha hata siku moja. Nikipita Mbekenyera huwa naingia kumsalimia, na funguo zake hadi leo kazifunga kwa utambi wa kanga kuukuu. Juzi nilimuuliza, mtani, mtu mwenye korosho zote hizi anakosaje kishikio cha funguo?

"Nangoja zawadi nyingine ya duka," akanijibu. "Ila safari hii uipime kwanza."